Mdogo wangu uliyeko Muscat, daftari la mama ninalo mimi

Mdogo wangu,

Jina lako sitaliandika hapa na la mama pia sitaliandika, ukifika kwenye habari ya mtandio utajua mwenyewe kama ni wewe. Nimeamua kuandika hadharani manake kwenye simu tunashindwa, kila nikipiga wewe unalia na mimi nalia, bando linakata hatujaongea kitu. Na najua mko wengi huko Muscat, Doha na Dubai ambao mama zenu wamezikwa nyie mkiwa jikoni kwa watu.

Kwanza tuyamalize ya mazishi, maana najua bado yanakuuma. Mama alifariki alfajiri na baada ya sala ya Alasiri alikuwa ameshazikwa, unajua sisi maiti haisubiri. Hata tajiri wako angekupa paspoti yako saa ile ile na ndege ukaikuta, kuna masaa zaidi ya matano ya angani mpaka Dar halafu zile kilomita 350 za basi mpaka Tanga, usingewahi mdogo wangu, wallahi usingewahi. Nilimuosha mimi na mama mkubwa na shangazi, na nilipofika kwenye mguu wa kulia, ule wenye kovu la mafuta ya moto, nikasema kimoyomoyo huu namuoshea mdogo wangu. Kwa hiyo na wewe ulikuwepo.

Sasa habari yenyewe. Makaburini mjomba alitangaza kama ilivyo desturi, mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa, na anayedaiwa naye ajue. Wa kumdai mama hakutokea hata mmoja. Wanaodaiwa ndo walianza kuja, mmoja mmoja, wengi wao usiku usiku, kwa hiyo ikabidi nilitafute daftari lake la madeni, lile lililoingia mafuta pembeni, alilokuwa analiweka juu ya ndoo ya mchele. Nikakaa barazani nikalifungua nikijua ntakuta majina ya nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani, toka barabara za mwanzo huku mpaka za mwisho kule, maana nani hajawahi kula vitumbua vya mama kwa mkopo?

Hakuna jina hata moja.

Nimesoma kurasa zote. "Kofia." "Pacha mkubwa." "Wa saa kumi na moja." "Anayekohoa." "Mlango wa kijani." Na mbele yake pesa, 1,200, 3,000, 800. Mwanzoni nilikasirika, nikasema sasa mama ndo umeniachia nini hiki, halafu nikakumbuka sisi wenyewe tulivyokuwa tunalichukua lile daftari tunachorea nyuma, na majirani wakija kuazima mbuzi ya kukunia nazi wanalikuta limekaa wazi pale. Yani alikuwa anajua kuna siku mtu atalisoma, na hakutaka asome njaa ya mwenzie.

Siku ya tano akaja baba mmoja, simtaji, akasema dada nadaiwa na marehemu 6,800, futari za Ramadhani iliyopita, mke wangu alikuwa kalazwa. Nikamuuliza nikutafute kwa jina gani, akainamisha kichwa akasema mama alikuwa ananiita Kofia. Nikafunua. "Kofia, 6,800", na pembeni kwa mwandiko wa mama, "tumemalizana". Nikamwambia baba, hapa naona ulishalipa. Akaapa hajalipa hata mia. Tukaangaliana. Yule baba mtu mzima alikaa kwenye kizingiti akalia mpaka nikaenda kumletea maji. Pesa nilikataa kupokea, mama kashaandika, mimi ni nani nifute? Kesho yake akaleta nazi 12 kwa ajili ya hitma, hizo nikapokea, na wali wa arobaini tuliungia tui la nazi zile.

Sisemi mama alikuwa malaika, ulimi wake unaujua, mchele ukilowekwa kwa kuchelewa au hamira ikizidi unga ukachacha nyumba nzima hailali. Ila siri ya mtu kwake ilikuwa haitoki. Haitoki kabisa.

Na hapo ndo nakuja kwako. Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita ulirudi kutoka shule kichwa wazi, mtandio huna, mama akakuuliza uko wapi ukasema umepotea? Alikuchapa ile siku, mpya ulikuwa, na mimi nilisimama mlangoni nikakuona tu. Hukusema kitu. Miezi miwili baadae akaja mama wa mwenzio na mtandio umefuliwa umepigwa pasi umekunjwa, akaeleza kwamba binti yake aliingia kwenye siku zake kwa mara ya kwanza palepale darasani, na wewe ndo ulimfunga kiunoni mkatembea wote mpaka kwao, wewe nyuma yake. Ulikubali kuchapwa ili mwenzio asijulikane! Mimi nilirithi mikono ya mama, saa tisa usiku nakurupuka bila alamu, chuma ni kile kile na wateja wanasema tui ni lile lile. Lakini ile stara yake uliibeba wewe, tena ukiwa mdogo hivo, na umeenda nayo huko uliko.

Nimeanza daftari langu. Jana nilitaka kuandika jina la mtu, kalamu ikasimama, nikakaa nafikiria nimwite nani, nikaandika "Wa ndoo ya njano". Nimeona kazi yake kumbe si ndogo, inabidi umuangalie mtu vizuri kwanza.

Kanga zake tumegawana, zako doti tatu nimezitenga, ile ya zambarau sikuifua, bado ina harufu ya iliki, nimeifunga kwenye mfuko usiifungue mpaka uje.

Ila kuna kitu nataka kukuuliza miaka yote hii. Siku ile mtandio uliporudi, mama alikuita jikoni akafunga mlango, mkakaa mle ndani muda mrefu, ulivyotoka macho mekundu lakini unacheka. Alikwambia nini? Niambie mdogo wangu, nataka nimsikie tena hata kwa maneno machache. Na kama alikwambia usimwambie mtu, basi usiniambie.

Dada yako.