Barua kwa Binti Yangu Aliye Nakuru: Ninachomlaumu Rais

Mama,

Salamu kutoka nyumbani Sabatia. Sote tu wazima, na majani chai yanachumwa kama kawaida. Simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu, nikaona afadhali nikuandikie. Ulisema umefurahi kwamba hata mimi, mzee wa kanisa, sasa namkosoa Rais William Ruto, na kwamba hatimaye tuko upande mmoja. Mwanangu, hatujafika huko. Wewe unamlaumu kwa kuwa serikali yake haikupi vya kutosha. Mimi namlaumu kwa kuwa serikali hiyo inachukua mno, inaahidi mno, na inajitia katika ugomvi wa watu wengine. Nataka uelewe hayo kabla hujawaambia wenzako huko Nakuru kwamba baba yako amegeuka.

Septemba 2022, alipoapishwa pale Kasarani, alisema wazi kwamba ruzuku za unga na mafuta zinakausha hazina bila kumfaa mwananchi. Ya mafuta pekee ilikuwa imekula shilingi bilioni 144. Wengi hapa kijijini walinung'unika. Mimi niliunga mkono kila neno, kwa sababu kiongozi anayekwambia hapana pesa anakuheshimu. Hata mbolea, ambayo gunia lilikuwa limepanda hadi 6,500, aliishusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata 2,500. Ile ni ruzuku pia, lakini inaingia shambani na kutoka ikiwa mahindi, kwa hiyo siipingi. Tena shilingi, iliyokuwa imeporomoka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, imetulia kwenye 129. Nayasema haya kwanza kwa sababu ndiyo kweli, na mtu anayekosoa bila kutoa haki ya mwenzake sipendi kumsikiliza.

Kilichoniudhi kilianza na Sheria ya Fedha ya 2023. Ruzuku ya mafuta iliondolewa, kisha juu ya pengo hilo akaweka kodi: VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Septemba ya mwaka huo lita ya petroli ikapita shilingi 200. Kuacha kumbeba mtu ni jambo moja, kumpandia mgongoni ni lingine kabisa.

Angalia karatasi yako ya mshahara. Tuseme mtu analipwa 50,000. Kabla ya kodi ya mapato, ushuru wa nyumba za bei nafuu unakata 750, bima ya afya ya SHA 1,375, na akiba ya uzeeni ya NSSF 3,000. Hiyo ni 5,125. Mwajiri naye analipa 750 nyingine za nyumba na 3,000 za NSSF, na usidhani hazikuhusu, kwa sababu pesa hizo ndizo angekuongezea au angeajiri mwenzako. Uliniambia nyumba za bei nafuu ni wazo zuri, tatizo ni wizi tu. Hapo ndipo tunapoachana. Hata kama wote wanaozijenga wangekuwa malaika, bado ningepinga. Nyumba unayoijua wewe tuliijenga mimi na mama yako kwa chama, kwa mkopo wa Sacco, bati moja baada ya jingine. Serikali ina haki ya kunitoza kwa ajili ya polisi, mahakama, barabara na shule. Haina haki ya kumkata mwalimu kijana ili ijenge ghorofa ambalo pengine hatalikanyaga. Mahakama Kuu ilipinga ushuru huo Novemba 2023, na Machi 2024 ukarudi kwa sheria mpya. Kwangu mimi kurudishwa huko ndiko kuliniambia kwamba hapa wazo la serikali kubwa ni imani, wala halikuwa dharura.

Mwaka 2024 vijana mlipoingia barabarani kupinga mkate kutozwa VAT, niliona mna haki, ingawa kuvunja na kuchoma sitakubali kamwe. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Rais aliukataa mwenyewe Juni 26, siku moja baada ya watu kuingia Bungeni na vijana kupigwa risasi. Lakini mwenzangu, nani aliuliza matumizi yapunguzwe kwa kiasi hicho hicho? Kodi ilikataliwa, deni likaendelea.

Na deni ndilo linaloninyima usingizi. Kibaki aliondoka 2013 likiwa chini ya trilioni 2. Uhuru aliliacha kwenye trilioni 8.6 hivi. Sasa limepita 11. Tulikuwa na kikomo cha trilioni 10 kilichoandikwa kwa tarakimu ambayo hata bibi yako angeielewa. Mwaka 2023 Bunge lilikiondoa, likaweka asilimia 55 ya pato la taifa, kipimo ambacho mwananchi hana njia ya kukikagua akiwa kwake. Februari 2024 tukakopa dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili kulipa deni la zamani ambalo riba yake haikufika 7. Halafu ikaja hii ya ushuru wa barabara. Kila lita ya mafuta ina shilingi 25 za kutunza barabara, na mwaka 2025 serikali iliziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate pesa za kuwalipa makandarasi leo. Unawajua watu wa huku wanaouzia madalali mahindi yakiwa bado shambani. Nchi yetu sasa inafanya hivyo.

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inayokupitia hapo siipingi, wala malipo yake siyapingi, anayeitumia ailipie. Ninachopinga ni kwamba mkataba wa 2020 na kampuni za Ufaransa ulivunjwa, kazi ikapewa kampuni za China pamoja na NSSF, yaani akiba yako ya uzeeni. Nchi ikitia sahihi kisha ikajiondoa, mwekezaji wa kesho ataongeza bei ya kutuamini.

Hapo sasa nafika kwenye mambo ya nje, ambayo vijana hamyajali na mimi yananiuma zaidi.

Uko katika kaunti ya Nakuru. Ukiwa na nafasi nenda Naivasha, ukumbuke kwamba hapo ndipo John Garang wa waasi wa kusini mwa Sudan na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum walikaa miezi mingi wakijadiliana, na Jenerali Lazaro Sumbeiywo akiwa mpatanishi. Mkataba ukatiwa sahihi Nairobi Januari 9, 2005, na vita vya zaidi ya miaka 20 vya kusini mwa Sudan vikakoma. Hatukuwa matajiri wala na jeshi la kutisha. Tulikuwa na kitu kimoja: pande zote mbili ziliamini kwamba Mkenya hana wake humo. Jina hilo lilijengwa na Moi, likatunzwa na Kibaki, na halikununuliwa kwa mkopo.

Februari 2025 wapiganaji wa RSF, kundi linalopigana na jeshi la Sudan, pamoja na washirika wao walikaribishwa katika ukumbi wa KICC Nairobi kuzindua mpango wa kuunda serikali yao. Mwezi mmoja kabla, Marekani ilikuwa imetamka kwamba kundi hilo limetenda mauaji ya kimbari. Sudan ikamrudisha nyumbani balozi wake, na Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya. Sudan ilikuwa mnunuzi wa chai yetu. Sisemi bonasi ndogo ya magharibi mwa Bonde la Ufa mwaka huo ilitokana na hilo peke yake, maana ubora wa majani na bei ya mnada Mombasa vina sehemu yake. Lakini mchumaji wa Vihiga alipoteza soko kwa sababu ya ugomvi ambao hakuutaka, na hakuna aliyekuja kumweleza.

Majirani wananiambia ninyamaze, kwamba Musalia Mudavadi ni mtoto wetu wa hapa Sabatia na ndiye mwenye wizara ya mambo ya nje. Namheshimu, na familia yake naiheshimu. Alisema mkutano ule ulilingana na kazi ya Kenya ya kutafuta amani. Sikukubaliana naye. Mpatanishi hampi upande mmoja ukumbi wa kujitangazia serikali.

Na haikuwa mara ya kwanza. Siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais aliandika mtandaoni kwamba Kenya imeacha kuitambua Sahara Magharibi kama nchi, kisha maneno yakafutwa. Polisi wetu walitua Haiti Juni 25, 2024, siku ile ile Bunge lilipovamiwa, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imekataa safari hiyo Januari. Juni hiyo hiyo Marekani ilitupa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Haukupita mwaka, Rais akawa Beijing akisema Kenya na China ni wajenzi wenza wa mpango mpya wa dunia. Seneta Jim Risch wa Republican akataka hadhi ile ichunguzwe upya. Sihitaji seneta wa Idaho anifundishe, lakini nchi ndogo inayoahidi kila mlango itaulizwa maswali kwenye kila mlango. Kenya ilikuwa na desturi ya kutofungamana na upande wowote. Sijaona kilichotulazimu kuiacha.

Mwaka 2027 nitamuuliza kila mgombea atakayekuja kanisani jambo moja: atapunguza nini. Akianza kunitajia atakachojenga, nitamwacha amalize na nimuulize tena.

Niandikie kuhusu ule ushuru wa nyumba. Najua utataja vijana waliopata kazi za mjengo, na hoja hiyo nataka kuijibu vizuri, si kwa simu. Mama yako anauliza kama utakuja Agosti shule zikifungwa.

Baba yako