Nani anamlipa mtafiti wa kemia?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa kemia, huu mwaka wa kumi na tatu, na gazeti lako nalisoma kila likifika huku, likichelewa nasoma la jana hakuna shida. Leo nimeshindwa kunyamaza. Kila mkubwa akishika maiki kuongea mambo ya mafuta ya petroli ya hapa Uganda, yale ya Hoima, lazima amalizie palepale, ati wataalamu wa kemia na uhandisi wa kemikali ni wachache sababu vijana wanaogopa sayansi, tuwahamasishe. Jamani. Serikali ilipitisha 2005 kwamba kemia, fizikia na baiolojia ni lazima kwa kila mtoto mpaka S.4, yaani kidato cha nne, na ikasema robo tatu ya nafasi za chuo inazolipia yenyewe ziende kwa sayansi. Hiyo ni miaka ishirini. Watoto tunao, darasani kwangu bureti moja, lile bomba la glasi la kupimia, inagombewa na watoto kumi. Wachache ni wa kule juu, wa masta na PhD, na hao uoga walishaumaliza zamani.

Wakifika S.5 wanajaa BCM (baiolojia, kemia, hesabu) na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwa sababu wanataka kuwa madaktari wa hospitali. Kemia kwao ni mlango tu, wakishapita hawageuki. Siku moja nikauliza, nani hapa anataka kuwa mkemia, mkemia kabisa wa labu? Kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma akasema, "Ticha, mkemia analipwa na nani?" Darasa zima likacheka na mimi nikacheka nao, lakini nimetembea na hilo swali mpaka leo, maana mimi mwenyewe liliwahi kunishinda.

Mwaka 2018 nilianza masta ya kemia kwenye chuo kimoja, sitakitaja. Tulikuwa sita. Utafiti wangu ulikuwa wa majani ya mululuza, hii dawa chungu ambayo kila bibi anajua ni ya malaria, nilitaka kuona ndani yake kuna nini hasa. Unajua kwa nini theisi nyingi za kemia hapa kwetu ni za majani na magamba ya miti? Sio kwamba sote tunapenda miti, ni kwamba jani ni la bure. Lakini ubure unaishia hapo kwenye jani. Unalikausha kivulini, unalisaga, unaliloweka kwenye methanoli, na methanoli ununue mwenyewe, halafu silika jeli, ule unga wa kujaza kwenye kolamu, yaani bomba la glasi la kutenganishia vilivyomo, ununue mwenyewe, hekseni na etili aseteti za kupitisha juu yake zinaisha kama maji ya kunywa, nazo ununue mwenyewe, na ile mashine ya kukausha solventi, yaani hivyo vimiminika vya kuyeyushia, ilikuwa imekufa kabla sijafika kwa hiyo tulikuwa tunaziachia zikauke polepole na madirisha wazi, umeme ukikatika fridji inayeyuka na kilichokuwa ndani unakiombea tu. Wiki tatu kwenye kolamu moja. Mwisho unabaki na vichupa vidogo, kila kimoja kina unga wa kujaza ncha ya kijiko, na kuujua huo unga ni nini unatuma nje ya nchi upigwe NMR, kipimo cha kuonyesha molekuli imejengwaje, unalipia kila sampuli, unasubiri. Kila Ijumaa jioni nilikuwa napanda basi Tororo kwenda Kampala, Jumapili usiku narudi, Jumatatu saa mbili niko ubaoni. Supavaiza wangu alikuwa mtu mzuri tu, lakini kumkuta ofisini ilikuwa bahati, alikuwa anafundisha vyuo vitatu ili na yeye ale.

Waliomaliza ni wawili. Mmoja alipata nafasi nje akaenda, mwingine yuko Kampala anauza kemikali za labu, yaani sasa ndiye anayewauzia walio nyuma yake ile methanoli. Mimi niliacha. Na kilichoniachisha kabisa, nisiwe mnafiki, ni mshahara. Julai 2022 serikali ilipandisha walimu wa sayansi wenye digrii mpaka shilingi milioni nne kwa mwezi kabla ya kodi, kutoka milioni moja na kitu. (Walimu wa sanaa hawakuguswa, waligoma, na mume wangu anafundisha historia, hiyo habari tuiache.) Sasa niambie Mhariri, nani ataacha milioni nne aende kuwa mwanafunzi wa PhD miaka minne au mitano, hana mshahara, analipa ada, ananunua solventi? Nawashukuru walionipandishia, watoto wangu wanasoma. Lakini mtu aliyefanya hesabu ya mwalimu hakufanya ya mtafiti, na matokeo yake mwenye digrii ya kwanza ya kemia anayefundisha S.2 anaishi vizuri kuliko mwenzake anayetafuta dawa.

Nitakupa mfano wa Marekani, sio kwamba nawaabudu, ni kwamba wale wanahesabu. Tangu 1957 kila anayemaliza PhD kule anapewa fomu, somo gani, umetoka wapi, nani alikulipia, unakwenda wapi. Na wanafunzi walio bado ndani nao wanahesabiwa, idara kwa idara, mpaka unaweza kuona kemia peke yake na uhandisi wa kemikali peke yake. Mwaka huohuo 1957 Warusi wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, Wamarekani wakashtuka, 1958 wakapitisha sheria ya kumwaga pesa kwenye masomo, na PhD za kemia zikapanda zikapanda mpaka kufika kama 1970. Halafu pesa ya utafiti ikabanwa, vita ya Vietnam inakula, na tangu 1968 wanafunzi wa digrii za juu wakawa hawana tena ile kinga ya kutoitwa jeshini, basi miaka ya sabini idadi ikateremka. Baadaye ikapanda tena, ikashuka tena kidogo, ikapanda. Siku hizi wanatoa PhD za kemia zaidi ya 2,000 kwa mwaka, na za uhandisi wa kemikali chini ya nusu ya hapo. Sasa mimi nauliza, ina maana Wamarekani waliogopa kemia mwaka 1970, wakaacha kuogopa, wakaogopa tena? Jedwali la elementi ni lilelile. Kilichokuwa kinapanda na kushuka ni pochi.

Uhandisi wa kemikali ndio kabisa, huo unafuata bei ya mafuta kama mbuzi anavyofuata chumvi. Mafuta yalipopanda 1973 na kuendelea, madarasa ya digrii ya kwanza kule yakafurika, bei ilipoteremka miaka ya themanini mpaka kuanguka 1986 yakapungua sana. Hili nataka wenye kupanga mambo ya Hoima walisome mara mbili.

Na mwanafunzi wa PhD ya kemia kule hasomi kwa jasho la mjomba. Halipi ada, anapewa posho ya kila mwezi, au anasimamia labu za watoto wa mwaka wa kwanza au analipwa kutoka kwenye ruzuku ya profesa wake. Wengi wanaingia moja kwa moja na digrii ya kwanza. Yeye ni mfanyakazi kwa jina la mwanafunzi. Ndio maana sehemu kubwa ya walio kwenye hizo labu ni wageni, Wachina, Wahindi, na Waafrika wetu wenye akili wanaondoka kwa mlango huohuo, nani atawalaumu.

Lakini na huo mlango unabanwa. Mwaka 2025 serikali yao ilikata pesa za utafiti, vyuo kadhaa vikapunguza kuchukua wanafunzi wapya wa PhD, na ile skolashipu yao kubwa ya sayansi iliyozoea kutoa nafasi kama 2,000 kwa mwaka ikatangaza 1,000 kwanza, baadaye ndio wakaongeza 500. Kwetu huku tumezoea kusomeshwa na jirani. Waswidi kupitia Sida, shirika lao la misaada, walianza kuishika Makerere mkono mwaka 2000, na chuo kikuu chao cha Uppsala kilianzisha mwaka 1961 mpango wa kuzisaidia nchi kama zetu, kwanza fizikia, baadaye kemia na hisabati. Tunashukuru sana, ila mgeni akibadilisha bajeti kwake huwezi kwenda kumdai.

Sitasema serikali yetu haijafanya kitu, 2019 ilianza kuipa Makerere mfuko wa utafiti wa shilingi bilioni 30 kwa mwaka na hilo nilipiga makofi. Shida yangu ni hii, pesa ya projekti inanunua vifaa na inalipa mafuta ya gari, projekti inaisha, mwanafunzi wa PhD bado ana miaka miwili mbele. Na ile robo tatu ya 2005 inaishia digrii ya kwanza, mlangoni kabisa mwa labu. Umoja wa Afrika unasema kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, sisi hatujafika hata nusu yake.

Mtu atasema, kwani PhD ya kemia itatusaidia nini, tununue wataalamu. Aende Katwe, Kasese, akaangalie kile kiwanda cha chumvi. Wajerumani walikijenga enzi zile, mitambo ya kisasa, halafu maji ya lile ziwa yakayala mabomba. Yakayala! Chumvi ya Katwe sio chumvi ya baharini, ina mambo yake mengine ndani, na hilo ni jambo la mtu kukaa na maji yale kwenye labu miaka mitatu kabla hujaagiza bomba hata moja. Mpaka leo watu wanaingia majini kwa miguu kuchimba chumvi kwa mikono, na kile chuma kimesimama pembeni kama kaburi. Sasa tuna mafuta ya Ziwa Albert, yana nta, yakipoa yanaganda, ndio maana bomba la kwenda Tanga la kilomita 1,443 lazima lipashwe moto njia yote. Hapa kwangu kuna kiwanda cha simenti tangu miaka ya 1950, kuna fosfeti ya Osukuru, mawe ya kutengenezea mbolea, ambayo naiona nikitoka nyumbani. Maswali ya kemia tunayo mlangoni, na vijana waliotaka uhandisi wa kemikali kwa miaka mingi walikuwa wanatazama Eldoret au Dar es Salaam.

Ninachoomba sio kikubwa. Mwanafunzi wa utafiti wa kemia au uhandisi wa kemikali aandikwe kazini, alipwe hata nusu ya mimi ninayofundisha S.2, miaka yote ya utafiti sio mwaka wa projekti peke yake, na kwa malipo hayo asimamie labu za wanafunzi wadogo ambazo saa hii hazina msimamizi. Milioni mbili kwa mwezi mara watu hamsini ni bilioni moja na milioni mia mbili kwa mwaka, pigeni hesabu wenyewe. Halafu kila mwaka baraza la elimu ya juu litoe jedwali, somo kwa somo, wangapi wameingia, wangapi wametoka, wangapi wameishia njiani na nani alikuwa anawalipia. Mwalimu anayejua wanafunzi wake tu bila kujua wametoroka wangapi hajui darasa lake.

Vile vichupa vyangu vya mululuza viko stoo ya shule, kumi na saba, namba nimeandika kwa penseli. Yule msichana yuko S.6 sasa, alishaniomba avione, nikamwambia mtihani kwanza.

Ni mimi mwalimu wa kemia, Tororo. Jina naomba mlihifadhi.