Mkwaruzo wa nyuzi si uchafu

Ndugu Mhariri,

Nasoma ukurasa wenu wa sanaa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Mengi nimeyaacha yapite. Ile taarifa yenu ya majuzi kuhusu rekodi mpya ya gitaa la klasiki, hiyo imenishinda. Mwandishi wenu ameisifia kwa kuwa "haina hata mkwaruzo mmoja", kisha akazibeza rekodi za zamani kwamba zimejaa "kelele za vidole". Gitaa hilo ndilo linalonipa riziki, mwaka wa 22 sasa, na maneno yale yamenichoma.

Mkwaruzo wenyewe unatoka wapi? Gitaa hili lina nyuzi sita. Tatu nyembamba ni nailoni tupu. Tatu za besi, yaani za sauti nzito, ni nyuzinyuzi za nailoni zilizozungushiwa waya mwembamba, duara baada ya duara, na kidole cha mkono wa kushoto kikihama juu ya waya ule lazima kilie. Nyuzi zikiwa mpya ndiyo kabisa. Tunajifunza kuinua kidole kabla ya kuhama, na nawasumbua wanafunzi wangu kwa jambo hilo kila wiki, kwa hiyo mkwaruzo uliozidi ni uzembe, sibishi. Lakini kuna mahali mtunzi anataka noti ya besi iendelee kuimba mpaka ile inayofuata iipokee. Ukiinua kidole mapema umeiua. Hapo mpigaji anachagua noti iendelee kuimba, na mkwaruzo unabaki.

Andrés Segovia, mpiga gitaa la klasiki wa Hispania, alipoingia studio London mwaka 1927, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika nne na ushei tu. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Ukikosea karibu na mwisho, unaanza upya. Kinachosikika katika santuri zile ni mtu mmoja aliyekaa na gitaa lake akapiga kipande kizima, na vidole vyake vinasikika. Julian Bream, mpiga gitaa Mwingereza, naye alikuja wakati wa utepe wa kurekodia, uliowezekana kukatwa kwa mkasi na kuungwa, akapenda kurekodi katika kanisa la Wardour, Wiltshire, Uingereza, na humo pia unamsikia akihama. Hizo ndizo "kelele" ambazo mwandishi wenu anataka tuzionee aibu.

Nami yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi vipande 11 kwa siku mbili. Fundi mitambo alikuwa kijana hodari na mpole, sina ugomvi naye. Alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi kila mkwaruzo unavyosimama kama mstari mweupe, akawa anaifuta mmoja mmoja kama mtu anayeng'oa magugu. Kisha akaanza kuunga: mwanzo wa jaribio la tatu, katikati ya la saba, noti mbili tu kutoka la kwanza. Katika kipande kimoja cha polepole nilihesabu maungio 43. Hata pumzi niliyovuta kabla ya noti ya kwanza aliiondoa, na ile pumzi ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba sasa tunaanza. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na saa nilizolipia zilikuwa zinaisha. Miezi michache baadaye nikapiga vipande vilevile katika ukumbi mdogo, bila kipaza sauti. Nasema bila woga kwamba sijawahi kupiga vizuri kama usiku ule. Watu walipoanza kutoka, mzee mmoja akanijia na diski yangu mkononi niitie sahihi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo gitaa limepatwa na nini? Nyumbani halikwaruzi." Nikamfungulia kiganja cha kushoto, nikamwonyesha ncha za vidole, zile sugu zenye mistari ya nyuzi. Alizishika, akazitazama sana, akanipa pole. Pole, Mhariri! Mzee wa watu alidhani naumwa. Rekodi yangu mwenyewe ilikuwa imemfundisha kunisikia vibaya, na sasa gazeti linawafundisha maelfu wengine vivyo hivyo.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nilimalize na la pili. Mnapoandika habari za hafla mnamtaja mgeni rasmi, mfadhili, mshereheshaji, hata aliyepamba jukwaa. Aliyekaa kwenye kiti saa mbili akipiga gitaa anaitwa "muziki laini". Waandaaji wanatuambia malipo ni kidogo, pengine hakuna, ila jina litajulikana. Jina litajulikana wapi ikiwa hata gazeti haliliandiki? Mimi nimepiga katika hafla nne zilizotoka kwenye kurasa zenu, na mara moja picha yangu ilichapishwa ikiwa imekatwa shingoni, gitaa likabaki. Nyuzi za besi hufifia ndani ya wiki chache na lazima zibadilishwe. Kucha za mkono wa kulia ndizo tunazopigia nyuzi; ukucha wa kidole cha pete ukivunjika siku ya onyesho, nakata kipande cha mpira wa ping-pong, nakibandika kwa gundi, nakisugua kwa msasa laini hadi kikae kama ukucha, kisha natoka kupiga. Anayefanya hivyo ana jina, na ni wajibu wenu kumuuliza.

Ombi langu ni hili. Kabla mwandishi wenu hajagusa tena rekodi ya gitaa, akae mita mbili kutoka kwa mpigaji, taa zimezimwa, spika hakuna, asikilize kipande kimoja mara mbili: kwanza kwa nyuzi za siku tatu, kisha kwa nyuzi za wiki sita. Halafu chini ya kila uchambuzi mchapishe mstari mmoja wenye jina la mpigaji, jina la fundi aliyeunda gitaa, na idadi ya maungio. Mpigaji akikataa kuitaja, andikeni kwamba amekataa. Kwa zoezi hilo la kusikiliza niko tayari kupiga mwenyewe, jioni yoyote isipokuwa Alhamisi, siku ambayo nina wanafunzi.

Wenu,
Mpiga gitaa