Neno "OK" si la kukubali tu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno la Kiingereza "OK", ambalo wengi hulichukulia kuwa ni la kukubali tu. Lilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, likiwa ufupisho wa mzaha wa maneno "oll korrect", yaani "all correct" (yote sawa) yaliyoendelezwa vibaya kwa makusudi, na mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa mji wa Kinderhook aliyeitwa kwa utani "Old Kinderhook" (O.K.), wakalitumia katika kampeni zake.

Leo aliyeanguka akijibu "OK" anasema hakuumia. Mwalimu akilitamka anapoingia darasani, anataka watu wanyamaze somo lianze. Linapotumika kusifu ndipo tahadhari inapohitajika, kwani mpishi anayeambiwa kuwa chakula chake ni "OK" ameambiwa kuwa kinalika tu. Nayo "OK" iliyoandikwa peke yake kujibu ujumbe mrefu wa simu mara nyingi husomwa kama ubaridi, hata pale mwandishi alipokubali kwa moyo mweupe.

Wako mtiifu,
Msomaji