Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meli Yetu Kuwa Ofisi na Ukumbi wa Umma

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya mwaka ambao kazi yake kubwa imefanyika chini ya mstari wa maji, mahali ambapo mgeni hafiki. Manung'uniko kwamba bado hakuna ofisi iliyopangishwa yametufikia, lakini kamati inashikilia kwamba mabamba ya chuma hutangulia mazulia.

Meli ilipopandishwa kwenye chelezo, yaani mahali pa kukarabatia meli nje ya maji, unene wa mabamba ulipimwa kwa mawimbi ya sauti, ikabainika kuwa kutu imekula zaidi kwa ndani, kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya meli, ambako maji yalituama kwa miaka mingi, kuliko upande wa nje ambao sote tulikuwa tukiuhofia. Mabamba dhaifu yamebadilishwa, na asbesto iliyofunika mabomba ya mvuke imeondolewa na mafundi wenye kibali.

Mjadala mrefu zaidi ulihusu chumba cha injini. Msanifu alipendekeza injini zitolewe ili ipatikane nafasi ya mikutano. Tulikataa, kwa kuwa injini ndizo watakazozifuata wageni, na kwa kuwa chombo kikipunguzwa uzito wa chini huyumba hadi kijazwe farumi, yaani uzito wa kukituliza, nayo ina gharama yake. Ofisi zitakaa kwenye mabweni ya mabaharia. Umma utapewa sitaha ya juu, ambako mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kufika bila sisi kutoboa kuta zinazozuia maji.

Kuhusu fedha, tumetazama yaliyowapata wenzetu jijini London. Meli ya HMS President, iliyojengwa mwaka 1918, ilikuwa na ofisi na kumbi za shughuli kwenye mto Thames, lakini mwaka 2016 iliondolewa pale ilipoegeshwa ili kupisha ujenzi wa bomba kuu la majitaka. HMS Wellington ya mwaka 1934 ilikuwa makao ya chama cha manahodha tangu 1948, nao wakaihama mwaka 2023. Kwa maoni yangu, meli ya namna hii huponzwa na gati lisilo na mkataba wa muda mrefu na pia kodi inayotumika yote kabla zamu ya chelezo haijafika.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja mbili zipigiwe kura: tusisaini na mpangaji yeyote kabla ya mkataba wa gati kukamilika, na sehemu maalumu ya kila kodi iingie kwanza katika akaunti ya chelezo, ambayo haitaguswa bila idhini ya mkutano mkuu.