Shukrani kwa mama wa vyumba, Kiwengwa, Zanzibar

Mama, jina lako silitaji kwa kuwa najua hupendi kutajwa, ila wenzako wa Kiwengwa watakutambua. Mimi ni yule mwanafunzi wa hoteli na utalii niliyekuja fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo, wakati wa masika, hoteli kadhaa zimefungwa, nyingine zinapakwa rangi, wageni wa kuhesabu. Wengine walituona vibarua wa bure: beba mizigo, zoa mwani ufukweni, kaa pembeni. Wewe ukasema, "Huyu nipeni mimi."

Asante kwa kunifundisha kutandika kitanda. Shuka inavutwa, pembe inakunjwa kama bahasha na kuingizwa chini ya godoro, kisha kiganja kinapita juu. Ukiona mkunjo mmoja tu, unafumua yote na kuanza upya, hata meneja akiwa amesimama mlangoni. Kitambaa cha choo hakigusi glasi, abadani. Kupiga deki kunaanzia ndani, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Darasani haya tuliyaandika. Kwako niliyafanya mpaka kiuno kikauma (nawe ukacheka, sijasahau).

Zaidi ya yote, asante kwa kile kitabu cha fildi. Msimamizi alikuwa akisaini bila kusoma. Baada ya zamu ulinikalisha tukaandika kila kazi, ukampelekea mwenyewe, ukamwambia asome kwanza. Mwalimu wa chuo alipokuja kunikagua aliuliza maswali humo humo, nikajibu yote.

Sasa nimeajiriwa, niko mapokezi. Zile nauli za daladala ulizokuwa ukinipa nitakuletea mkononi, tafadhali usizikatae. Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, wewe na wanao.