Promo za wachoraji: huyo promota analipwa lini?

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili suala la wachoraji kulipia promo limekuwa kubwa, na kila nikisoma ushauri wanaopewa vijana ni ule ule tu, jitangaze, wekeza kwenye jina lako, usiogope kutoa hela, yani kana kwamba hela zinaokotwa, na hakuna anayekaa chini akauliza hizo hela zikishatoka huwa zinarudi au ndo zimeenda jumla.

Mimi natengeneza fremu. Nina banda langu hapa Dar, si mbali na Mwenge pale kwenye vinyago, nakata mbao, navuta kanvasi, nafunga picha za kusafiri. Kuchora sijui, hata kuku siwezi. Ila fundi fremu anajua kitu kimoja ambacho wakati mwingine hata mke wa msanii hakijui, nani anauza na nani anapiga picha za Instagram tu. Anayeuza anarudi. Anakuja na kazi ambayo mteja ameshatoa advansi, ananisumbua na simu tangu asubuhi, mama imekauka? mama naweza kupitia saa ngapi? Asiyeuza anapita kunisalimia na kuniambia amefikisha wafuasi elfu kumi na kitu, na fremu yake ya kipindi kile bado imeegemea ukuta wangu hajaja kuilipia. Kwa hiyo mimi nikiulizwa promo fulani inasaidia au haisaidii, siangalii laiki, naangalia nani karudi kuchukua fremu.

Tuanze na hizi kurasa za mtandaoni. Ukiposti kazi yako tu, muda si muda chini yake komenti zimejaa, kazi kali sana itume kwa ukurasa fulani, mbili, tatu, nne, zinafanana mpaka vikatuni vyake. Ukiwafuata inboksi unatajiwa bei, posti kiasi hiki, stori kiasi hiki, ukitaka ikae wiki nzima unaongeza. Kuna kijana mmoja anachora kwa kisu cha rangi, simba, Wamasai, masoko ya Kariakoo wakati wa mvua, kazi nzuri kweli sio utani, akalipia ukurasa mmoja wa nje wenye wafuasi malaki. Posti ikatoka, laiki zikamiminika, kijana akaja bandani meno yote nje. Nikamwambia mwanangu hebu lete hiyo simu. Tukakaa kwenye benchi tukaanza kuwafungua waliolaiki mmoja mmoja. Huyu mchoraji wa Brazil. Huyu mchoraji wa Ufilipino, kaandika anapokea oda. Huyu anachora tatuu. Huyu naye anauza promo! Huyu akaunti haina picha hata moja na jina lake ni herufi na namba tupu. Tukaendelea mpaka bando likakata na hatukuona hata mmoja ambaye ungesema huyu ana sebule na anatafuta cha kutundika ukutani. Na ukifikiria ni kawaida tu, ukurasa unaoishi kwa kutangaza wachoraji utafuatwa na nani zaidi ya wachoraji wanaotaka kutangazwa? Ni gulio la wauzaji watupu.

Na zile akaunti za herufi na namba mtu asidhani ni hadithi. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Devumi iliyokuwa inauza wafuasi feki kwa wanamuziki, waigizaji, waandishi, yeyote mwenye hela na hamu ya kuonekana mkubwa, mwaka 2019 tume ya biashara ya kule, ile FTC, ikawabana na ikaisha kwa hukumu ya dola milioni 2.5, halafu 2024 wakatoa kabisa kanuni ya kukataza kuuza na kununua umaarufu feki wa mitandaoni kwa ajili ya biashara. Sisi huku mtu anakuandikia hadharani wafuasi elfu moja bei chee, lipa kwa M-Pesa, na namba anaweka.

Lakini sisemi kila anayelipia kapigwa. Kuna binti mteja wangu anachora sura za watu kwa penseli kutoka kwenye picha ya simu. Huyo hakumlipa promota yeyote, alisponsa posti yake mwenyewe, akachagua ionekane kwa watu wa Dar tu, kwa siku chache tu, wakati wa mahafali ya vyuo, na chini akaandika bei, saizi, siku ngapi inakuwa tayari na kwamba boda anakuletea mpaka mlangoni. Zilikuja oda mpaka nikaishiwa vioo vya A3. Na kitu alichofanya ambacho wengi hawafanyi, kila mteja alikuwa anamuuliza kwa upole, dada umenionea wapi, kisha anaandika kwenye daftari, huyu tangazo, huyu kaletwa na shangazi yake, huyu kaona kwa jirani. Mwisho wa msimu akawa anajua kabisa tangazo limeleta wangapi na limemla shilingi ngapi. Ndo maana nasema tatizo sio kulipia. Yeye alikuwa na kitu chenye bei inayojulikana na mnunuzi anayeishi kilomita chache kutoka kwake, na hela ya tangazo ilimfikia huyo mnunuzi. Yule wa simba wa kisu cha rangi, picha yake bei yake ni nyingine kabisa, mteja wake ni mtu wa hoteli au mgeni anayehama au wakili anayefungua ofisi, na huyo humkuti kwenye ukurasa wa Wabrazili na Wafilipino.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litaudhi watu. Hapa Mwenge madereva wa watalii wakileta mgeni akanunua, wanapewa cha juu. Zanzibar Mji Mkongwe mapapasi, wale vijana wanaowazungusha wageni mitaani, ni hivo hivo, mgeni akinunua picha kuna mtu atarudi jioni kuchukua chake. Wasanii wanawalalamikia sana, na wana haki, maana cha juu kinapandisha bei na mgeni anapelekwa penye cha juu kinene, sio penye kazi nzuri. Lakini jamani, papasi analipwa picha ikishauzwa! Mgeni asiponunua, papasi naye kalala njaa kama wewe. Kwa hiyo anajituma, anaongea Kiitaliano ambacho hakwenda shule kukisoma, anambebea mgeni mzigo. Huyu bwana wa promo wa mtandaoni hela yake kashaipata kabla posti haijatoka, picha ikinunuliwa au isiponunuliwa chakula chake ni kile kile, sasa ahangaike kwa ajili ya nini? Mimi ukinipa nichague kati ya hao wawili namchukua papasi na kelele zake zote.

Na hapo hapo ndo nashangaa hesabu za watu wetu. Galari nyingi za Ulaya na Marekani, yani kumbi za kuonyesha na kuuza picha, zinachukua asilimia 40 mpaka 50 ya bei, picha ikiuzwa. Msanii wetu akisikia nusu anaruka, huo wizi. Halafu msanii huyo huyo inamjia barua pepe, tumevutiwa sana na kazi zako, umechaguliwa kushiriki maonyesho ya kimataifa, gharama ya ukuta euro mia kadhaa, katalogi ipo, cheti kipo, na anakwenda kukopa. Galari inayokata nusu inabidi imtafute mnunuzi ndo ipate kula. Ile ya ukuta imeshamaliza biashara yake siku ulipotuma hela, mnunuzi ni wewe. Barua yenyewe ukiisoma vizuri hawataji hata picha moja kwa jina, ingeweza kutumwa kwangu mimi fundi fremu.

Nimefunga kazi za namna hiyo kwa mikono yangu. Kanvasi unaivua kwenye mbao, unaikunja rangi ikiwa upande wa nje, maana ukiikunja rangi ndani inajikunyata na kupasuka, unatanguliza karatasi laini, unaiingiza kwenye bomba la plastiki lile la inchi nne la mafundi bomba, unaziba huku na huku. Nauli ya ndege juu ya msanii. Huko kuivuta tena kwenye mbao, juu ya msanii. Maonyesho yakiisha kuirudisha nyumbani, juu ya msanii, na hapo ndo wengi wanaiacha huko huko. Kinachorudi ni cheti chenye muhuri wa dhahabu, na cheti hicho kinaletwa kwangu kiwekewe fremu. Naweka, kazi ni kazi.

Najua watajibu kwamba inasaidia CV, ukionekana umefanya maonyesho Ulaya unaheshimika. Labda kwa shemeji zako. Watu wa sanaa wenyewe wanazijua hizo kumbi za kukodi na wanajua tofauti ya kualikwa na kulipia. Chukua Venice. Tangu Tanzania ishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake la taifa kwenye Biennale ya Venice, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa kule Italia, mwaka 2024, neno Venice limekuwa tamu masikioni, lakini miezi ile ya Biennale mji mzima unajaa kumbi za kupangisha na ukipanga chumba Venice haina maana umealikwa na Biennale. Na hata jina la nchi linaweza kutumika vibaya. Majirani zetu Kenya mwaka 2015 walikuta banda lililoandikwa jina lao huko Venice wasanii wake wengi ni Wachina, wasanii wa Kenya wakapiga kelele mpaka serikali yao ikajitenga nalo.

Wengine wanasema enzi zimebadilika, huwezi kukaa chini ya mti kama Edward Saidi Tingatinga, yule mwanzilishi wa picha za Tingatinga, ukategemea mnunuzi aje. Sawa, enzi zimebadilika. Ila tumsome vizuri yule mzee. Alianza 1968 na vipande vya hardboard na rangi za baiskeli, akafariki 1972, hata miaka mitano haikutimia vizuri, na kazi zake alikuwa anauzia Oysterbay pale Morogoro Stores ambapo wazungu na wakubwa walikuwa wanakuja kufanya shopingi ya nyumbani. Hakukaa tu popote palipo na kivuli. Alikaa pale ambapo mwenye hela anashuka kwenye gari, na baadaye kampuni ya serikali ya sanaa ikawa inanunua kazi zake. Ndo promo hiyo, mnaionaje?

Kwa hiyo kijana akinijia saivi na huo ujumbe wa promo kwenye simu namwambia mwulize maswali haya kabla hujatuma hata senti, unalipwa nikiuza au kabla, nitajie wachoraji watatu uliowatangaza mwaka jana niongee nao mwenyewe, na wanaokufuata wanaishi wapi. Wengi hapo hapo wanakublok. Umeokoa hela ya mbao.

Na lingine ni lenu, mhariri, msinichukie. Uzinduzi wa maonyesho hapa mjini waandishi wanakuja, wanakula vitafunwa, na kabla ya kuondoka msanii anaulizwa nauli. Bahasha isipotoka na habari haitoki. Kwingine unaambiwa wazi kabisa, nusu ukurasa na picha yako ni kiasi hiki, na ikitoka inatoka kama habari, jina la mwandishi juu, msomaji ajue kwamba gazeti limeona kipaji. Hiyo nayo ni promo ya kulipia, na ni mbaya kuliko ya Instagram kwa sababu ya Instagram walau mtu anaihisi. Nimeona msanii kaja na gazeti nimwekee fremu ukurasa wake, na picha zenyewe zilizopigwa kwenye ukurasa huo bado ziko studio kwake. Sisemi ni gazeti lenu, nasema mchezo upo na mnaujua. Kama msanii kalipia ukurasa, andikeni juu yake TANGAZO, herufi kubwa, yaishe. Na msipopokea hela, tumeni mwandishi anayejua kuangalia picha, aandike hata kama ni mbaya, maana mteja wangu mmoja wa hoteli aliniambia ananunua kwa kusoma watu wanaoponda.

Na hii barua ikitoka, naomba itoke bure.

Mama Fremu,
Mwenge, Dar es Salaam